Deni la Hewa na Malipo Yake

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, kuanzia Moa mpaka Pangani, hakikosekani kijaluba cha tambuu cha bibi, na ndani yake mna chokaa. Nakuomba, ndugu msomaji, umwombe bibi chokaa kidogo, kadiri ya punje ya hindi, iwe mpya isiyokauka. Ikoroge katika gilasi ya maji, uiache mpaka itue chini, kisha uyamimine taratibu yale maji maangavu ya juu katika gilasi nyingine. Sasa chukua mrija, upulize pumzi yako ndani ya maji hayo. Ila uangalie usije ukayavuta kinywani, kwani chokaa huchoma. Hutapuliza sana, na maji yaliyokuwa maangavu yatageuka meupe kama tui.

Usidhani kuwa hayo ni mazingaombwe. Katika pumzi aitoayo mwanadamu mna hewa ya ukaa, na hewa hiyo hiyo ndiyo itokayo katika kuni, mkaa, mafuta ya taa na petroli vinapoungua. Chokaa ikikutana nayo huishika, na viwili hivyo vikiungana huwa jiwe. Ule weupe uliouona ni vumbi la jiwe, namna moja na jiwe la mapango ya Amboni. Kwa gilasi na mrija umeifanya kazi ambayo wahandisi wa kemia wanaifanya leo katika minara mirefu kwa gharama kubwa, nayo ni kuikamata hewa ya ukaa na kuitenga na hewa nyingine.

Nimelileta jambo hili katika kurasa hizi za dini na maadili kwa sababu ndani yake limo suala lisilowahusu wahandisi peke yao. Mtu aliyeichafua hewa ya watu wote, kisha akatafuta njia ya kuukamata uchafu wake, je, amelipa deni? Na yule asemaye, "Acha nichafue leo, kesho nitaleta chombo cha kukamatia," hukumu yake ni ipi mbele ya Mola wake na mbele ya waja wenziwe?

Kwanza yatupasa tulijue deni lenyewe. Hewa ya ukaa kwa asili yake si laana. Mwenyezi Mungu ameijaalia kuwa chakula cha mimea, na lau isingalikuwako kabisa, ardhi ingalikuwa baridi mno. Lakini ameijaalia kwa kipimo. Kabla ya zama za viwanda, katika kila sehemu 10,000 za hewa, hewa ya ukaa ilikuwa haifiki sehemu 3. Leo imepita sehemu 4. Mtu ataona kuwa hiyo ni tofauti ndogo, lakini mpishi yeyote ajua nini hufanya chumvi kidogo iliyozidi katika sufuria kubwa. Hewa hii ni mfano wa shuka: hulizuia joto la ardhi lisitoke, na kadiri inavyozidi ndivyo shuka linavyokuwa zito. Na katika Suuratur-Rahman tumekumbushwa juu ya mizani iliyowekwa pamoja na kuinuliwa kwa mbingu, tukakatazwa kuipindukia.

Bahari nayo ikipata joto hutanuka, na barafu za nchi za mbali zikiyeyuka maji yake huja huku huku kwetu. Wavuvi wa Pangani na Ushongo wanakijua kisiwa cha Maziwe. Wazee walikiona kikiwa na miti na kasa wakipanda kutaga mayai. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, na leo ni tuta la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika. Wako wanaosema kuwa ni kukatwa kwa miti, wako wanaosema kuwa ni bahari, na huenda wote wamesema kweli, kwa kuwa kisiwa kilichovuliwa miti hakina cha kukishikia mchanga bahari inapozidi. Lililo wazi ni kwamba kilichokuwa nchi kavu sasa ni njia ya madau.

Turudi kwenye chokaa, kwani ndani yake limo somo zima. Wachoma chokaa wa pwani hupanga magogo, wakarundika matumbawe juu yake, wakawasha moto. Jiwe safi la kilo 100 likiungua sawasawa hubaki chokaa ya kilo 56 tu. Kilo 44 zimekwenda wapi? Zimepanda juu zikiwa hewa ya ukaa, iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe tangu siku lilipoumbwa. Kisha fundi huitia chokaa ile maji, akapaka ukuta wa msikiti. Ukuta hukauka kwa siku mbili tatu, lakini chokaa haijamaliza kazi yake. Kwa miezi na miaka huinywa hewa ya ukaa kidogo kidogo, mpaka ikarudi kuwa jiwe.

Nenda Tongoni, mwendo wa kilomita kama 20 kusini ya mji wa Tanga, usimame mbele ya gofu la msikiti na makaburi ya wazee waliotutangulia, yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa karne nyingi zilizopita. Ujue kuwa chokaa iliyo katika kuta zile imekwisha kurudisha sehemu kubwa ya kile ilichokitoa siku ya tanuu. Imelipa kimya kimya, bila ya kudaiwa.

Lakini tusiipe chokaa sifa isiyokuwa yake. Ilichokirudisha ni kile kilichotoka ndani ya jiwe. Moshi wa magogo chokaa haiulipi. Huo hulipwa na miti mipya, ikiwa imepandwa. Na matumbawe yakiwa yameng'olewa hai baharini, yale yaliyokuwa nyumba ya samaki, hayo hayarudishwi na ukuta mweupe. Kwa hiyo hata katika kazi hii ndogo ya wazee wetu mna madeni matatu, na moja tu ndilo linalojilipa lenyewe.

Sasa tutazame kazi kubwa zaidi. Huko Pongwe, karibu na mji wa Tanga, kiko kiwanda cha saruji kilichoanzishwa mwaka 1980. Saruji ni ndugu wa chokaa. Jiwe huchomwa pamoja na udongo katika tanuri lenye joto la digrii kama 1,450, na hewa ya ukaa itokayo katika kazi hiyo, kama sehemu 6 katika 10 hutoka katika jiwe lenyewe, wala si katika moto. Maana yake ni kuwa hata viwanda vya saruji vya dunia nzima vikiacha makaa ya mawe vikatumia nguvu ya jua, jiwe litaendelea kutoa hewa yake. Nasi tunahitaji nyumba, madaraja, visima na madrasa. Hapa ndipo elimu ya kukamata inapopata kazi yake ya haki.

Njia iliyo kongwe ilipata hati ya uvumbuzi huko Marekani mwaka 1930. Moshi hupitishwa katika mnara, humo ukanyeshewa maji yenye dawa za ukoo wa amonia, ziitwazo amini. Dawa hizo huishika hewa ya ukaa kama chokaa ilivyoishika pumzi yako, na hewa nyingine ikapita. Kisha maji yale hupelekwa katika mnara wa pili, yakapashwa moto kufikia digrii kama 120, na hewa iliyoshikwa ikaachiliwa ikiwa safi. Hapo hushindiliwa mpaka ikawa nzito kama maji, ikazikwa chini kabisa ya ardhi katika miamba yenye vitundu. Katika bahari ya Norwei, mahali paitwapo Sleipner, kazi ya kuizika imeanza tangu mwaka 1996. Na mwaka 2025, huko huko Norwei katika mji wa Brevik, kilizinduliwa chombo cha kukamata tani 400,000 kwa mwaka katika kiwanda cha saruji, nazo ni kama nusu ya hewa ya ukaa ya kiwanda hicho.

Huu ni ujuzi wa kustahiwa, na mwenye kuidharau elimu kama hii amejidhulumu. Lakini hakuna kinachopatikana bure. Kuyapasha moto maji yale kunataka nguvu nyingi, kuishindilia hewa kunataka nguvu nyingine, na shimo la kuzikia lataka kulindwa kwa miaka na miaka lisivuje. Tena tupime hesabu. Dunia hutoa hewa ya ukaa itokanayo na mafuta, gesi, makaa ya mawe na viwanda zaidi ya tani bilioni 37 kwa mwaka. Vyombo vyote vya kukamata vilivyokwisha kujengwa vina uwezo wa tani milioni 50 hivi. Katika kila kilo 1,000 zinazopanda, zinazokamatwa hazifiki 2. Na sehemu kubwa ya hewa iliyokamatwa mpaka leo imesukumwa ndani ya visima vya mafuta vilivyokuwa vimechoka, ili yapande mafuta yaliyogoma kutoka. Ni mfano wa mtu aliyerudisha ngazi aliyoiiba, akaiegemeza kwenye dirisha la nyumba ya pili.

Sasa tulijibu suala letu. Wanazuoni wametufunza kuwa toba ina masharti yake. La kwanza ni kuliacha kosa, la pili kulijutia, la tatu kuazimia kutolirudia. Na kosa likiwa limegusa haki ya mja, limezidi sharti la nne, nalo ni kumrudishia mwenye haki haki yake. Itazame kazi ya kukamata hewa, utaona kuwa ni hilo sharti la nne: ni kurudisha. Nalo ni sharti zito, wala asilidharau mtu, kwani wengi hujuta kwa machozi wasirudishe hata senti. Lakini sharti la nne halisimami bila ya la kwanza. Mwizi arudishaye kuku mmoja jioni huku akiiba wawili asubuhi, hatumwiti mwenye kutubu. Twamwita mwizi mwenye hesabu mbaya.

Na yule anayepanga kuchafua kwa kuwa amejiwekea nia ya kukamata baadaye, kisa chake kimo katika Suura Yusuf. Ndugu zake Nabii Yusuf (A.S.) walipokuwa wakishauriana kumwondoa, waliambiana kuwa jambo likiisha watakuwa watu wema. Ebu fikiri, ndugu msomaji. Waliiweka toba mbele kama akiba ya benki, ili wapate kukopa dhambi kwa dhamana yake. Na matokeo yake yalikuwa nini? Baba alilia mpaka macho yakawa meupe, na miaka ikapita, na lau si rehema ya Mola na msamaha wa Yusuf, wema wao wa baadaye usingalimtoa mtoto kisimani. Nia ya kutubu inayotangulia kosa si nia ya toba. Ni kibali ambacho mtu amejiandikia mwenyewe.

Utaniuliza, "Basi tuvikatae vyombo hivi?" La. Katika kanuni za fikihi iko moja inayotufaa sana hapa: dharura hukadiriwa kwa kadiri yake. Aliyefikwa na njaa ya kufisha huruhusiwa kula kile alichokatazwa, ila kwa kadiri ya kuiokoa roho. Hakuruhusiwa kutandika meza. Kazi ambayo haina njia nyingine, kama ile ya jiwe la saruji, hiyo yastahiki chombo cha kukamata, na ni wajibu juu ya mwenye uwezo kukiweka. Lakini mwenye kuweza kupata umeme kwa jua, kwa upepo au kwa maji, akachagua moshi kwa kuwa ni faida zaidi, kisha akatuonyesha picha ya mnara wa kukamatia, huyo hana dharura. Ana tamaa iliyovaa kanzu ya dharura.

Nasi wa Tanga tusijione kuwa ni watazamaji. Mkonge uliletwa kwetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche 62 iliyosalimika na safari ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka hapo ukaenea bonde zima. Lakini katika kila kilo 100 za majani yanayoingia katika mashine ya kukamulia, ambayo watu wa mashambani huiita korona, nyuzi ni kama kilo 4 tu. Yaliyobaki yalitupwa, mengine yakaingia mitoni, mengine yakaoza katika malundo. Takataka za namna hiyo zikioza pasipo hewa hutoa gesi ya methani, nayo kwa muda wa miaka 100 huzuia joto zaidi ya mara 25 kuliko hewa ya ukaa ya uzito ule ule. Kwa miaka mingi bonde letu lilikuwa likitoa gesi hiyo, wala hapana aliyejua.

Kisha katika miaka ya 2000, katika shamba la Hale, kampuni ya Katani kwa kusaidiana na mashirika ya kimataifa ilijenga mtambo wa kuozesha mabaki ya mkonge ndani ya tangi lililofungwa. Gesi ikakamatwa kabla ya kupanda, ikaendesha jenereta ya umeme wa kilowati 150, na masalio yake ni mbolea. Kipimo chake kilikuwa kidogo, lakini fikra yake ni kubwa kuliko kipimo chake. Hapo masharti yalikutana: uchafu uliachwa kutupwa mtoni, na kilichokamatwa kikashika mahali pa mafuta ambayo yangaliunguzwa. Huku ndiko kukamata kunakofanana na kulipa.

Na liko jambo la Chongoleani. Mwezi wa Agosti 2017 liliwekwa pale jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Vijana wetu wametaka kazi, na serikali yataka mapato, na hayo si matakwa ya kulaumiwa. Mafuta hayo yakipakiwa melini huenda kuunguzwa mbali na macho yetu, lakini hewa haina mpaka wala paspoti. Sikukusudia hapa kutoa fatwa. Nataka tu tusijidanganye kwa kusema kuwa mikono yetu haina harufu.

Wako watakaojibu kwamba sisi ni maskini, na moshi wetu ni haba. Ni kweli. Mtanzania mmoja kwa wastani hafikishi hata nusu tani ya hewa ya ukaa ya mafuta na viwanda kwa mwaka, na Mmarekani hupita tani 13. Mwenye deni kubwa ndiye wa kudaiwa kwanza, na kumwacha huku tukimbana mchoma mkaa wa Mkinga ni dhuluma. Lakini Mtume (S.A.W.) ametupigia mfano wa watu waliopanda chombo kimoja, wengine juu na wengine chini. Wa chini walihitaji maji, wakafikiri kutoboa tundu katika sehemu yao ili wasiwaudhi walio juu. Haja yao ilikuwa ya kweli, wala hawakukusudia uovu. Ila tundu ni tundu, na wakiachwa huzama wote. Sisi watu wa bahari hatuhitaji kufafanuliwa mfano huu. Safari hii walio juu ndio walioanza kutoboa, na tundu lao ni kubwa zaidi. Yatupasa kuwashika mikono kwa hoja na kwa sauti. Lakini anayemshika mwenziwe mkono asiwe na keekee katika mkono wake wa pili.

Kwa hiyo kila mmoja na atazame kilicho katika uwezo wake. Wanaojenga msikiti au nyumba waulize chokaa imetoka wapi, wala wasinunue ile iliyochomwa kwa matumbawe yaliyong'olewa hai. Mikoko ya hori zetu tuiache isimame, kwani tope la chini yake limezika ukaa kwa mamia ya miaka bila ya mnara wala injini, na mwenye kuing'oa amefukua kilichozikwa. Aliyekata mti kwa dharura na apande. Mwenye madrasa au darasa awafundishe watoto jaribio lile la gilasi na mrija, ili miongoni mwao watoke wahandisi watakaojua kemia na watakaojua pia masharti ya toba. Wazee walisema kuwa dawa ya deni ni kulipa, na walisema vile vile kuwa asiyeziba ufa atajenga ukuta. Hekima mbili hizi huenda pamoja: lipa ulichokwisha kukopa, na uzibe mahali unapokopea.

Na ukimaliza jaribio lako, ndugu msomaji, mrudishie bibi kijaluba chake kikiwa na chokaa mpya mahali pa ile uliyoichukua. Ni kidogo, lakini haki ya mtu hurudishwa hata ikiwa kadiri ya punje ya hindi.

Wallahu a'alam.